Siku Tupu ya Mama Odette

Vijana, kabla hamjaniuliza, na najua mtaniuliza kwa sababu kila mtu huniuliza: hapana, sijawahi kufika Guatemala. Wala Panama, wala Costa Rica. Nimewapeleka watu huko kwa miaka, nikiwa nimeketi kwenye kiti chenye mto wa sponji pale Rosettenville. Mahali pa mbali zaidi nilipolala tangu nihamie Johannesburg ni Vereeniging, saa moja tu kwa gari, kwenye matanga, na usiku huo nilimlilia marehemu kidogo na mto wangu zaidi.

Kazi yangu ilikuwa kuwapangia safari watu wa mabegi ya mgongoni. Si wale watalii wanaopokewa na mtu aliyeshika kibao chenye majina yao. Wangu walikuwa wanafunzi, walimu wa shule za msingi, manesi waliopata likizo ya siku tisa, watu wanaotaka kuona nchi nzima kwa viatu jozi moja. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kati ya bucha na duka la mikate ya Kireno. Mwenye ofisi alikuwa Dona Graça, mama wa Kireno mwenye sauti ya kengele ya shule, na mimi nilianza kwake kama mlinzi wa mlango. Karani aliyekuwepo alipewa likizo akaenda Nicaragua na hakurudi tena. Alituma picha moja akiwa ndani ya kitanda cha kamba, basi. Dona Graça akatoka mlangoni, akanitazama nilivyojikunja kwenye kiti na thermos yangu ya chai.

"Mwakio, wewe unapenda kusafiri?"

"Hapana, Dona."

"Hata kidogo?"

"Hata kwenda Pretoria sipendi."

"Ingia ndani. Wanaopenda kusafiri wananiachia ofisi."

Ndivyo nilivyopata kazi, mimi mtoto wa Voi mwenye kidato cha nne na hofu ya ngazi za umeme. Msidharau sifa zenu ndogondogo mnapotafuta ajira.

Sasa, ufundi wenyewe. Siku hizi mnabonyeza simu inawaambia kila kitu, lakini mimi nilianza na ramani ya karatasi na uzi wa kushonea. Unaulaza uzi juu ya barabara, unaufuata kila kona, halafu unaunyoosha kwenye kipimo cha chini ya ramani. Ni njia nzuri, na ndiyo iliyonipa aibu yangu ya kwanza. Walikuja vijana wawili wa chuo cha pale Doornfontein, wanataka kutoka Lanquín kwenda Flores, huko huko Guatemala. Nikaulaza uzi, nikaunyoosha, nikawaambia ni kama kutoka hapa kwenda Harrismith. Nikawaandikia: mwendo wa saa tatu, mtafika mapema, mtakula mchana mkiwa mmeoga. Niliona barabara kwa macho ya mtu wa Joburg. Kichwani mwangu kulikuwa na ile barabara kuu ya Durban, njia pana, mistari myeupe, na kituo cha mafuta chenye choo safi. Jumatatu ikaja barua pepe: "Mzee Mwakio, Harrismith tumefika. Ila tumezeeka." Walikuwa wamekaa ndani ya basi dogo siku nzima, barabara ya milimani, kuku mmoja miguuni mwao.

Tangu hapo uzi niliutumia kujua njia inapinda mara ngapi, si ni mbali kiasi gani. Kona ndizo zinazokula muda. Andikeni hilo.

Ya pili, mzigo. Nilikuwa na begi la majaribio pale ofisini, lina matofali mawili na mifuko ya unga wa mahindi. Mteja akija na majivuno yake, "mimi nitabeba kila kitu," namvisha begi namwambia aende mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, na kurudi. Akirudi anahema, ndipo tunaanza kuongea kama watu wazima. Siku moja nesi mmoja alirudi mikono mitupu, amenyang'anywa begi njiani. Tukatoka mbio mimi na mwenye bucha. Matofali tuliyakuta kona ya kwanza, begi kona ya pili. Unga haukurudi, kwa hiyo angalau mtu mmoja alifaidika na utaalamu wangu.

Na ya tatu ilikuwa sheria ya Dona Graça mwenyewe. Kila safari, iwe fupi namna gani, lazima iwe na siku moja tupu. Siku ambayo karani haandiki kitu. Basi likiharibika, tumbo likichafuka, mvua ikinyesha, siku ile inalipa deni. Mimi sikuipenda. Nafasi tupu kwenye mpango ilinikera kama jino lililong'oka. Nilikuwa nikiijaza kimyakimya: soko hapa, kanisa la kale pale, kijimlima cha kupanda asubuhi. Dona Graça akiona anafuta.

"Mwakio, hii ni safari au adhabu?"

"Nimeona watachoka kukaa bure, Dona."

"Nani atachoka kukaa? Wewe umekaa hapo miaka mingapi? Umechoka?"

 Nilikuwa naishi peke yangu kwenye fleti ya Doornfontein, ghorofa ya nne, lifti imekufa zamani. Mke wangu alirudi Kenya wakati ule ambao wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, na hakukosea. Jumamosi nikitoka kazini nilikuwa nafunga mlango, na sauti ya mtu mwingine naisikia tena Jumatatu, labda Jumapili kama mchungaji atahubiri kwa lugha ninayoielewa. Kukaa sikuchoka. Ila kuna namna za kukaa.

Sasa Mama Odette.

Alikuwa na saluni Malvern, pale Jules Street, viti vitatu na kioo kimoja chenye ufa. Mkongo wa Goma, mama wa makamo, mwenye mabega ya mtu aliyesuka nywele maisha yake yote. Aliingia ofisini Jumamosi moja asubuhi ameshika picha iliyokatwa kwenye kalenda. Ziwa la buluu, na nyuma yake milima mitatu yenye vichwa vilivyochongoka.

"Papa, hapa ni wapi?"

Nikaangalia. "Ziwa Atitlán, mama. Guatemala."

"Mi nataka kuenda pale."

Nikamweleza kwa upole kwamba sisi wateja wetu ni vijana wa mabegi, pengine angependa ofisi nyingine, zile za hoteli. Akanitazama juu chini.

"Mi nilitoka Goma na mutoto mugongoni na sufuria kichwani. Wewe unaniambia begi?"

Nikamvisha begi la matofali hata hivyo, kwa sababu kazi ni kazi. Akaenda mpaka kwenye robot, akapitiliza, akarudi na mikate miwili ya Kireno. Hakuwa anahema.

Mnajua Goma ilivyo: mji uko chini ya mlima wa moto, ukingoni mwa ziwa. Picha ile ilikuwa inaning'inia saluni kwake mwaka mzima, na kila alipoinua macho kutoka kwenye kichwa cha mteja aliona kwao pasipo kuwa kwao. Nikamuuliza, kama anataka ziwa na mlima wa moto, mbona asiende nyumbani tu?

"Papa Mwakio, mi nimesafiri sana. Lakini kila safari ilikuwa juu ya vita ao juu ya maiti. Kule kwetu mulima ikitoa moshi, unakimbia. Mi nataka kuona mulima inatoa moshi, mi nikae. Nikunywe kahawa. Nimalize kikombe. Basi."

Zamu yake ya stokvel, ule mchezo wa kuchangiana pesa, ilikuwa imefika. Wenzake walinunua friji.

Hapo ndipo mimi, fundi wa miaka yote hiyo, nikafanya jambo ambalo karani mwingine hafanyi. Nilimpangia vituo saba. Siku tisa, vituo saba! Antigua, ziwa, soko la Chichicastenango, mapango ya Lanquín, Flores, magofu ya Tikal, pwani. Uzi wangu ulizunguka Guatemala kama mshono wa fundi mlevi. Na kila kituo kilihitaji mjadala, na mjadala ulihitaji Jumamosi, na kila Jumamosi Mama Odette alikuwa anakuja na mikate, anavuta kiti, anafuta.

"Hii mapango inatoka."

"Lakini mama, maji yake ni ya kijani, yanapita chini ya—"

"Mi nilikwisha kujificha mu mapango. Toa."

Wiki iliyofuata: "Hii pori ya Tikal inatoka. Mi najua pori." Nyingine: "Soko? Mi ni mutu wa Jules Street, nione soko?" Dona Graça alikuwa anatusikiliza nyuma ya kompyuta yake, akisoma barua za Kihispania kutoka nyumba za wageni, maana Kireno chake kilimsaidia, na alikuwa anacheka mpaka miwani inateleza. Safari ya mteja wa kawaida niliimaliza kwa siku mbili. Ya Mama Odette ilichukua kuanzia baridi mpaka miti ya jacaranda ikachanua na kumwaga maua yake. Akifuta kituo kimoja, wiki inayofuata nilikuwa nimegundua kingine. Sikuwa mjinga, nilijua mpango ukiisha ataondoka nao.

Mwishowe vilibaki vituo viwili. Siku chache ziwani, kijiji cha ng'ambo, na nikamsisitizia apande boti asubuhi kwa sababu mchana upepo huamka na ziwa linachafuka. Kisha Antigua, mji wa kale wenye nyumba za chini na, juu yake, mlima unaotoa moshi kweli kweli. Nilimtafutia nyumba ya wageni yenye viti juu ya paa, vinavyoutazama mlima. Na siku moja kabla ya kurudi, nikachora mstari, chini yake nikaanza kuandika "kanisa la kale". Akanishika mkono.

"Wacha wazi."

"Mama, siku nzima?"

"Hiyo njo safari yangu, Papa. Ingine yote ni barabara."

Akakunja karatasi, akaitia kwenye mkoba wake. Nikaona Jumamosi zangu zinaingia humo pia. Halafu, huku anafunga zipu, bila kuniangalia:

"Njoo twende wote."

Dona Graça aliacha kubonyeza. Hata yule wa bucha, upande wa pili wa ukuta, nadhani aliacha kukata.

Nilicheka, kama mtu anayelipwa kucheka. Nikasema nina kazi. "Nakupa likizo," Dona Graça akasema bila kuulizwa. Nikasema mgongo. Nikasema ngazi za umeme za uwanja wa ndege. Mwishowe nikasema lile lililokuwa la kweli kwa bahati mbaya:

"Na ufunguo wa fleti? Sina mtu wa kumwachia ufunguo."

Mama Odette akaiacha zipu, akaniangalia.

"Miaka yote hii mu Johannesburg, Papa, hauna mutu moya wa kuachia ufunguo?"

Nikasema watu wa pale hawaaminiki. Nilisingizia jengo zima. Ukweli ni kwamba sikuwajua. Gogo Nomsa, bibi wa mlango wa mbele yangu, tulikuwa tukisalimiana kwa kichwa tangu lifti ingali inatembea.

Alisafiri mwezi wa pili, kule hakuna mvua. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, nikambebea begi mpaka penye foleni, na vijana wa foleni walidhani msafiri ni mimi. "Sharp, madala, safari njema mzee!" mmoja akaniambia. Nikamshukuru. Ni safari yangu pekee, iliendelea kama hatua thelathini.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo penye somo kama lipo. Wao wako nyuma yetu kwa saa nane. Mimi mpango wake niliujua kama Baba Yetu. Saa kumi jioni nikiwa nabandika chai, nilijua kwake ni saa mbili asubuhi, yuko gatini, boti linajaa. Nikiosha kikombe, ameshuka. Aliandika ujumbe mara mbili tu, "Nimefika" na tena "Nimefika", na mimi sikujibu kitu kwa sababu nilikuwa najua amefika. Si niliandika mwenyewe? Niliishi siku zile na mtu ndani ya fleti. Nilimpikia hata ugali wa wawili mara moja, nikala wote.

Kisha ikafika ile siku tupu. Niliketi mezani saa kumi, chai mbele yangu, nikatafuta kichwani yuko wapi. Hakuna. Karatasi ilikuwa nyeupe pale. Namba ya ile nyumba ya wageni nilikuwa nayo, simu ilikuwa na pesa, mkono ulikuwa mzima. Lakini kupiga hakukuwa kwenye mpango, na mimi, vijana, ni mtu wa mpango. Chai ikapoa. Nje watu wa karakana za chini walikuwa wanafunga, magari yanapiga honi, mtoto wa Gogo Nomsa anaburuta kitu kwenye ngazi, na mimi sikujua Mama Odette alipo duniani. Sijawahi kuona fleti ile kubwa kama siku hiyo.

Alirudi Jumamosi. Alikuja ofisini na kahawa ya huko kwenye mfuko wa kitambaa chenye rangi zote, akavuta kiti chake. Akatuhadithia ziwa, upepo, basi lililopakwa rangi kama bibi harusi. Dona Graça akauliza: na mlima?

"Mulima ilitoa moshi," Mama Odette akasema. "Ikanguruma kidogo. Miguu yangu ikasimama yenyewe, inataka kukimbia. Nikaiambia, kaa. Ikakaa. Nikamaliza kikombe."

Dona Graça akajifuta macho. Mama Odette akanigeukia mimi.

"Pale juu walikuwa na meza ya viti mbili. Yule kijana wa kahawa anakuja, anauliza na mikono, kiti hii iko na mutu? Mi nasema ndiyo, iko. Anaenda. Anarudi tena, anauliza: anakuja? Mpaka jua inashuka."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, bado anapanga."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi ziliendelea, mikate iliendelea, lakini hakuniambia tena "njoo". Nami nikaona ni heshima kutomkumbusha. Mama Odette alikaa mwaka mwingine na kidogo pale Jules Street, kisha akamwachia saluni msichana aliyemfundisha na akarudi Goma kumtunza mama yake mzee. Alisema sasa anaweza kukaa chini ya mlima ule. Nami nilimpangia njia. Kituo kimoja, hakufuta kitu.

Halafu wateja wakaanza kupungua. Mtu akija, anakuja na mpango tayari ndani ya simu, anataka tu tumwambie ni mzuri. Mwaka huu, 2019, Dona Graça akafunga ofisi akaenda kwa mwanawe Cape Town. Aliniachia begi la majaribio. Matofali alisema nichague mwenyewe, kuyabeba au kuyaacha. Watu wote niliowajua ni watu walioondoka, na wengi wao niliwaandikia mimi saa ya basi.

Wiki iliyopita ikaingia sauti kwenye simu. Nyuma yake kuku, na watoto, na kitu kinanguruma mbali.

"Papa Mwakio. Leo mulima iko na moshi. Mi niko mbele ya nyumba, niko nakaa. Nimeweka viti mbili, juu ya mazoea. Weye uko wapi?"

Ni swali ambalo mimi, fundi wa kujua watu walipo, sikuwahi kumuuliza mtu yeyote. Nikatoa ramani. Nikatoa uzi. Nikaanza: Lusaka, Mbeya, Bujumbura, labda nipitie Voi nione kaburi la mama, labda... Vituo vikafika saba kabla sijajishtukia. Nikafuta. Nikabakiza ndege mpaka Kigali, basi hadi Gisenyi, kisha mpaka wa Kongo unauvuka kwa miguu, na mtu anakusubiri. Barabara ina kona nyingi. Nimezihesabia muda wake.

Najua mnayoyasikia kuhusu Goma. Mimi pia nayasikia. Kila sababu ya kutokwenda mnayoweza kunipa, nilishaipa jina na kuipangia chumba.

Jana nilijaza begi, bila matofali safari hii, nikashuka ngazi zote nne mpaka barabarani. Nikasimama kidogo. Nikapanda tena, kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni.

Leo asubuhi nimegonga mlango wa Gogo Nomsa. Amefungua akiwa na kilemba cha nyumbani, akanitazama kama mtu aliyeona picha ya ukutani inashuka kuomba sukari.

"Eish, mkhulu! Kuna nini, kuna moto?"

"Hapana, gogo. Naomba unishikie ufunguo. Nasafiri."

"Wewe?" Akashika mlango. "Wewe unasafiri? Uende wapi?"

"Kuna mahali nimewekewa kiti."

Akaupokea ufunguo, akaugeuzageuza, akautia ndani ya sidiria penye pesa zake. Nikajua uko salama kuliko ulivyowahi kuwa kwangu.

"Na unarudi lini?"

"Hiyo siku," nikamwambia, "nimeiacha tupu."